Nilimwita ubaoni akapige hesabu ya ajali iliyomuua babake

Kosa ni langu, wala sitafuti mtu wa kunisaidia kulibeba. Siku hiyo sikuwa nimelewa, sikuwa mgonjwa, na hakuna aliyenichokoza. Nilijua nililokuwa nikilifanya, na nililifanya nikitabasamu.

Mimi ni mhadhiri wa fizikia hapa Kakamega. Kwa miaka mingi nilifundisha lile somo la mwaka wa kwanza la umakanika, mawimbi na themodinamiki. Yaani kila kijana aliyetaka kuwa injinia au mwalimu wa sayansi ilibidi apitie mikononi mwangu, nami nilipenda wapite wakitetemeka. Mwanafunzi akisahau kipimo mwishoni mwa jibu, nilimsimamisha darasa zima limcheke. Nilijiambia kwamba ninawakomaza. Uongo mtupu! Nilikuwa ninafurahia.

Mimi ni mtu wa Lugari. Kwetu tulilima mahindi, na nyumbani tulizoea kuwasema watu wa miwa kwamba ni watu wa kupanda na kulala. Miaka ile miwa ilikuwa imepamba moto. Viwanda viligombania mavuno, trekta zilikuwa barabarani kutwa kucha, na watu waling'oa mpaka viazi vya nyuma ya jikoni wapande miwa. Niliishi kati yao, nikanunua mboga kwao, nikaoa kwao, na bado niliwadharau.

Katika darasa langu kulikuwa na msichana ambaye hapa nitamwita Nafula. Babake alikuwa dereva wa trekta za miwa, na kwao ni upande wa Malava. Alikuwa amepanga chumba mtaa wa Shirere, hapa mjini, na msichana mwenzake. Alikaa mstari wa mbele, hakupiga kelele, aliandika kila nilichosema. Alikuwa na ile tabia ya watu wengi wa huku ya kubadilishana r na l, akisema "verositi" badala ya velositi. Nilikuwa namwigiza. Namrudishia neno lake kwa sauti nyembamba, darasa linaangua kicheko, na yeye anacheka nao kisha anaendelea kuandika.

Basi muhula ule ikatokea ajali. Trela iliyojaa miwa ilipinduka kwenye kona moja upande wa Malava. Dereva alikufa papo hapo, na wapakiaji wawili waliokuwa wamekaa juu ya mzigo wakafa naye. Kama unapita barabara zetu umewaona wapakiaji hao. Wakishaijaza trela hawateremki. Wanapanda juu ya miwa na kwenda nayo hadi kiwandani, kwa sababu trekta hiyo hiyo ndiyo itakayowarudisha.

Habari ya ajali niliisikia kwenye chumba cha wahadhiri, watu wakinywa chai. Mmoja akasema dereva lazima alikuwa anakimbiza. Hakuwa ameiona kona hiyo, wala mimi sikuwa nimeiona. Lakini nilikuwa natafuta swali la jaribio la katikati ya muhula, lile ambalo wanafunzi huliita CAT, na nikajisifu kwamba nimepata swali lenye uhai.

Nikaliandika. Trekta inavuta trela ya miwa, inaingia kona ya Malava, trela inapinduka na watu wanakufa. Onyesha kwa hesabu kama dereva ana makosa.

Kwa ambao hawakusoma mambo haya, hesabu yenyewe si ngumu. Mzigo ukiwa juu sana kuliko upana wa magurudumu, na kona ikiwa kali, kuna mwendo fulani ambao ukiupita trela inalala chali. Unahitaji kujua kimo cha mzigo, upana wa magurudumu, ukali wa kona na mwendo wa trekta. Mimi sikuwa na hata kimoja. Nilivibuni vyote pale mezani, na ule mwendo nikauweka juu makusudi ili jibu litoke safi.

Siku ya jaribio Nafula hakuja. Nilipogawa karatasi niliona vijana wakitazamana. Mmoja akainua mkono, kisha akaushusha. Nikasema anayeogopa hesabu aende akakate miwa, na wote wakainamisha vichwa wakaandika.

Sasa fuatilia hapa, maana hapa ndipo ningeweza kujiokoa.

Jumatatu iliyofuata Nafula alinisubiri kwenye mlango wa ukumbi kabla ya kipindi. Alikuwa amefunga kitambaa cheusi kichwani. Aliniamkia kwa heshima, akasema, "Mwalimu, naomba unipatie hiyo CAT. Sikuwa naringa. Tulikuwa tunazika baba."

Nikamjibu kwamba wanafunzi wangu huzika kila muhula, na kwamba kuna mmoja ambaye nyanya yake nimemfahamu kwa kufa mara nyingi kuliko binadamu yeyote. Alifungua mkoba akatoa ile karatasi ya mazishi yenye picha ya marehemu, akanipa kwa mikono miwili.

Nikasoma. Dereva. Ajali. Malava.

Nilielewa palepale. Mwili uliniingia baridi, halafu, Mungu wangu, baridi hiyo ikageuka hasira! Nilikasirika kama mwizi aliyekutwa na kuku kwapani. Darasa zima lilikuwa limefanya swali lile. Nikimwonea huruma sasa, itabidi niseme kwamba nilicheza na kifo cha mtu. Nikaona afadhali nisimame kwenye ukali wangu kuliko nionekane nimekosa.

Aliniambia kwamba amekuja siku hiyo moja tu. Kesho yake ilikuwa siku ya kunyoa, lazima arudi nyumbani. Wenyeji wa huku wanaijua siku hiyo. Mazishi yakishapita, jamaa na majirani hukaa pamoja, wafiwa wakanyolewa nywele, na mambo ya marehemu yakasemwa waziwazi. Mwenye neno na marehemu analitoa hapo.

Nilimsikia vizuri. Nikamwambia, "Utaifanya sasa hivi. Ubaoni."

Alidhani nimemsaidia! Alinishukuru. Aliweka mkoba wake kwenye kiti cha mbele, akachukua kalamu ya ubao, nami nikaanza kumsomea swali kwa sauti. Nilipofika kwenye jina la Malava mkono wake ulisimama. Akageuka kunitazama.

Nikasema, "Andika. Unapoteza wakati wetu."

Akaandika. Alichora trela, akachora miwa juu yake, akaweka mishale ya nguvu mahali pake. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, mviringo. Aliweka nambari zangu moja baada ya nyingine na hakukosea popote. Alipata mwendo ambao trela haifai kuupita, na bila shaka mwendo wa dereva niliokuwa nimeubuni ulikuwa juu zaidi. Alipomaliza akarudisha kifuniko cha kalamu.

Ningeweza kumwacha hapo. Alikuwa amefanya hesabu, imeisha. Nikasema hajamaliza, swali lina sehemu ya mwisho. Nani mwenye makosa?

"Mwalimu, jibu si hiyo hapo?"

"Hiyo ni nambari. Mimi nataka neno. Sema kwa sauti, na uliandike."

Alisema, "Dereva."

Kisha akaandika chini ya hesabu: dereva ana makosa. Nilikuwa nimewazoesha wanafunzi wangu kupiga mistari miwili chini ya jibu la mwisho. Akapiga mistari miwili, akachukua mkoba wake, akatoka nje bila kukimbia.

Nikawageukia waliobaki nikasema fizikia haina matanga. Mmoja tu ndiye aliyecheka, tena kwa woga. Nikaendelea na somo. Nakumbuka tulikuwa tunaingia kwenye mawimbi, na nilifundisha vizuri sana siku hiyo. Kabla sijafuta ubao, mtu fulani alikuwa ameupiga picha kwa simu.

Yaliyofuata niliyasikia kutoka kwa Nafula mwenyewe alipokuja ofisini kwangu mwisho wa wiki hiyo.

Kwenye ile ajali kulikuwa na mpakiaji wa tatu, aliyenusurika kwa kuvunjika mguu tu. Yeye alikuwa amesema gurudumu la trela lilichomoka kabla hata hawajaingia kona. Jamaa za wapakiaji waliokufa walikuwa wamelikubali neno lake. Walikuwa wamepatana na kina Nafula kwamba siku ya kunyoa watanyolewa pamoja, uani kwa dereva, ili watu wote waone kwamba msiba ni mmoja na hakuna anayemshika mwenzake shati. Babake Nafula alikuwa amewabeba vijana hao kwa misimu mingi, wakila kwake wakipita.

Basi watu walikuwa wamekusanyika. Maji yameletwa, wembe umetoka, na mama mzazi wa mpakiaji mmoja ameketi kwenye kigoda akianza kunyolewa. Ndipo kaka wa yule mpakiaji akasimama na simu mkononi. Picha ilikuwa imemfikia asubuhi hiyo, kwa njia ambayo hata yeye hakuijua. Akasema kuna hesabu ya chuo kikuu inayosema marehemu alikuwa anakimbiza. Watu wakaipokezana simu. Hawakuelewa mishale wala herufi, lakini yale maneno ya chini yenye mistari miwili kila mtu aliweza kuyasoma.

Akamuuliza Nafula mbele ya wote ni nani ameandika. Naye, mtoto asiyejua kusema uongo, akajibu kwamba ni yeye, lakini ulikuwa mtihani tu.

Hakuna aliyesikia hilo la mtihani. Binti wa dereva, msomi, amepiga hesabu kwa mkono wake na amemtia babake hatiani! Sasa mpakiaji maskini aliyevunjika mguu angesema nini mbele ya chuo kikuu? Yule mama kwenye kigoda aliinuka. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa upande mmoja, na aliondoka hivyo hivyo, akavuka ua mpaka barabarani, jamaa zake wakimfuata.

Babake mdogo Nafula akamwambia asikae usiku huo katika boma lile.

Hayo yote alinisimulia akiwa amesimama, kwa sababu sikumwambia aketi. Hakuja kunilaumu. Alikuja na ombi moja. Alisema, "Mwalimu, ile kona naijua. Naipitanga tangu nikiwa mtoto. Si kali vile uliandika. Nambari ulitoa wapi?"

Nikamwambia ni nambari za mtihani, huwa zinabuniwa.

"Basi kuja uwaambie hivyo tu. Usiseme mengine. Simama mbele ya watu useme nambari zilikuwa zako."

Nisamehe, msomaji, kwa hili ninaloliandika. Nilimcheka. Nikamuuliza kama anadhani mhadhiri wa chuo kikuu ana muda wa kwenda kufundisha mwendo wa duara kwenye matanga ya watu. Nikamwambia kama watu wa kwao hawawezi kutofautisha swali na ushahidi, hilo ni tatizo la shule zao.

Akauliza kama kazi ile ya ubaoni itahesabiwa maksi. Nikamjibu kwamba CAT hufanywa kwenye karatasi.

Hilo ndilo neno la mwisho nililomwambia.

Hakurudi darasani. Mwenzake wa Shirere alisema alifunga virago asubuhi moja akaaga kwa kifupi. Kiti cha mbele kilikaa wazi muhula mzima, na wanafunzi ambao zamani walikigombania sasa walikipita. Hawakunitukana. Waliacha tu kuniuliza maswali. Nilifundisha themodinamiki yote, joto linatoka wapi linaenda wapi, na hakuna mkono hata mmoja ulioinuka. Nikiingia kwenye ngazi walinyamaza mpaka nipite.

Mke wangu alikuja kujua kupitia akina mama wa kanisa. Yeye ni mtu wa upande wa Butali, babake alilima miwa maisha yake yote. Alinipakulia ugali, akaketi mbele yangu, akaniuliza, "Babangu akifa, na mimi utaniita ubaoni?" Nikaanza kumweleza habari za mbinu za kufundisha. Akainuka. Mpaka leo tunaishi nyumba moja kama wapangaji, tunaulizana habari za sabuni na maji.

Yeye ndiye aliyenisukuma niende kwao Nafula. Ilinichukua zaidi ya mwaka! Nilienda siku ya kazi, nikijua watu watakuwa mashambani, kwa sababu hata katika kutubu nilikuwa nachagua saa yenye watu wachache.

Njiani niliipita ile kona. Nilisimamisha gari nikashuka. Ni kona pana, ya kawaida, ambayo mtu anaweza kuipita akisinzia. Nambari zangu zilikuwa za kona nyingine kabisa ambayo haipo duniani.

Nilimkuta mamake Nafula peke yake, akipembua maharagwe. Nilijitambulisha. Hakunifukuza. Alinivutia kiti, akaingia jikoni akaniletea chai, na nilipokuwa nainywa akaniambia kwamba nilikuwa mgeni wake wa kwanza tangu mwezi uliopita. Majirani hawaji. Kisimani akifika, wanawake wanamwachia nafasi achote upesi aondoke. Mama wa yule mpakiaji, ambaye walikuwa wakisaidiana kupanda mashamba, hupita upande wa pili wa barabara.

Nikamwambia ukweli. Nikasema kona niliibuni, mwendo niliubuni, kila kitu. Nikasema binti yake hakumhukumu babake, nilimlazimisha mimi.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Mwarimu, na ungetaka mutoto aseme nini?"

Nilikaa pale na kikombe mkononi, pamoja na shahada zangu zote, na swali la mama yule likanishinda. Kama angesema dereva hana makosa, ningemwambia amekosea hesabu. Hakukuwa na jibu ambalo lingemwacha salama. Nililipanga swali hivyo, na nilijua nilipokuwa nikilisoma.

Nikauliza Nafula yuko wapi. Akasema yuko kwa shangazi yake Lugari, anavuna mahindi ya watu. Chuo alikataa kukisikia. Nyumbani anakuja gizani, analala, anaondoka kabla ya watu kuamka, na kaburini hafiki.

"Mimi maneno yako nimesikia," mama akasema. "Lakini mimi sikuwa na shida na mutoto wangu. Watu ndio walisikia ile ingine. Jumapiri kuja kanisani, wote wanakuanga hapo, hata mama ya yule kijana. Simama useme vile umeniambia. Nitamwita Nafula akuje asikie."

Nikaahidi. Nilimshika mkono kabisa.

Jumapili nilivaa suti. Niliendesha mpaka Malava, nikaona kanisa, nikaona watu wakiingia. Na pale mlangoni nikamwona Nafula amesimama na mamake, amevaa gauni la kijani, anatazama barabara. Alikuwa amekonda. Wakati huo jina langu lilikuwa mbele ya kamati ya kupandishwa cheo. Nikawaza kwamba kanisani kuna simu, kwamba safari hii picha itakuwa ya uso wangu. Sikuzima hata injini. Niligeuza gari nikarudi mjini.

Cheo nilipewa.

Wewe unayefundisha, popote ulipo, chuo au shule ya msingi, nakusihi. Mtoto akikuambia amefiwa, mwamini. Akikudanganya, hutapungukiwa na kitu. Usichukue maiti ya mtu ukaifanya mfano wa somo lako kwa sababu jina la mahali linafanya swali lisisimue. Na ukishagundua umekosea, kosa lako lipo mikononi mwako kwa muda mfupi tu, lingali dogo, unaweza kulimaliza kwa kusema samahani mlangoni. Mimi nilikuwa na muda huo. Nilikuwa nimeshika karatasi ya mazishi.

Na kwa wale wa Malava, kama kuna anayesoma haya: ile hesabu ya ubaoni haikuwa na nambari hata moja ya kweli. Sijui trekta ilikuwa inakwenda mwendo gani. Sikuwahi kujua. Nafula aliandika nilichomlazimisha kuandika.

Aliniomba nisimame mbele ya watu niseme hivyo. Nimesema hapa gazetini, ambako hakuna atakayeniona, na jina langu nimewaomba wahariri walifiche.